Kanzu ya Babu

Baba mkwe wangu alimpeleka mkewe kanisani kwa baiskeli kwa miaka 41. Kila Jumapili, kijijini Kwimba, alimpakia kwenye keria, akamfikisha kigangoni, akaiegemeza baiskeli kwenye mwembe na yeye akakaa chini yake mpaka watu watoke. Bibi alikuwa amebatizwa tangu usichana wake. Babu alibaki na desturi za wazee wake, wakaoana kwa ruhusa ya askofu, kama Kanisa linavyowaruhusu watu wa namna hiyo. Zaidi ya siku ile ya ndoa hakuwahi kukanyaga ndani. Nyimbo zote alizijua, ila alizijulia chini ya mwembe.

Tulipomzika Bibi, wanajumuiya walikesha nasi siku 3. Waliimba, wakasali, wakachota maji, wakafagia mpaka uwanja. Baada ya arobaini tukamchukua Babu kuja kukaa nasi Mwanza. Wiki ya pili tu, jioni, ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko na mimi nachambua dagaa, akasema bila kunitazama, kama ilivyo heshima kati ya mkwe na mkamwana:

"Mama, nimekaa chini ya mwembe vya kutosha. Nataka kuingia."

Nilijibu tu, "Sawa, baba." Nilikuja kushtuka baadaye kwamba vichwa vya dagaa nimevitia sufuriani na dagaa wenyewe nimewamwagia kuku.

Kesho yake mume wangu aliamkia kwa paroko. Alidhani ni jambo la wiki mbili. Mzee ana miaka 74, mkewe alikuwa Mkatoliki, watoto wote wamebatizwa, hana mke mwingine, hana kesi na mtu. Kuna nini tena cha kusubiri? Alirudi uso umemkunjamana. Paroko amesema kwanza ipatikane barua ya jumuiya, halafu mzee aanze mafundisho, apokelewe kwenye ukatekumeni, na Mungu akijalia atabatizwa Pasaka. Si Pasaka inayokuja, ile ya pili yake.

"Mwaka na nusu!" mume wangu akasema. "Wanataka wambatize maiti?"

Nami siku ile nilikuwa upande wake. Leo siko huko, ndiyo maana naandika.

Katekista wetu alikuja Jumamosi, pamoja na jumuiya nzima, alfajiri, wakati ambapo chai yangu ilikuwa haijachemka. Ni mama wa makamo, sauti yake ndogo lakini haichoki. Alikaa mkekani akamweleza Babu, si sisi, jambo zima tangu mwanzo. Kwamba katika Kanisa la kale mtu mzima hakubatizwa haraka. Agostino mwenyewe, pamoja na elimu yake yote na machozi ya mama yake Monika, alibatizwa na Ambrosi huko Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na miaka 32. Kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza hatua zile za kale zirudishwe, na kitabu cha ibada zake kikatoka mwaka 1972. Lakini huku kwetu Ziwani, akasema, hilo halikuwa geni. Wamisionari wa Afrika waliofika Bukumbi mwaka 1883 walikuwa na amri ya mwanzilishi wao, Lavigerie: mtu akae miaka 4 akijiandaa, 2 ya kuonyesha nia na 2 ya ukatekumeni wenyewe.

Babu alihesabu kwa vidole. "Miaka 4," akasema. "Basi mimi nimepunguziwa."

Kilichomshika kabisa ni jambo la mwisho. Katekista alimwambia kwamba hata Mwalimu Nyerere alibatizwa akiwa mtu mzima, Desemba 1943, akiwa na miaka 21, huko Nyegina karibu na Musoma, na jina la Julius akalichukua hapo. Babu alikuwa amepiga kura, amelima na kulipa ushuru chini ya Mwalimu, na picha yake aliitundika nyumbani kwake mpaka karatasi ikageuka rangi ya chai. Alinyamaza kidogo. "Mwalimu naye alifundishwa?" akauliza. Alipoambiwa ndiyo, akaomba siku ya kuanza darasa.

Hapo ndipo nyumba yetu iligeuka shule.

Babu hakujua kusoma. Maisha yake yote malipo ya pamba alipokea pale chama cha ushirika kwa kupiga dole gumba. Kwa hiyo kila alichofundishwa Jumanne na Alhamisi ilibidi arudishiwe nyumbani kwa mdomo, na mwalimu aliyejitokeza ni kitindamimba wetu, wa darasa la 3, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kujifunza sala zilezile kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza. Saa 12 jioni, mimi nikiwa jikoni, wao wanakaa mlangoni. Mtoto anasema, Babu anaitikia. Baba Yetu aliijua yote kutoka mwembeni. Salamu Maria aliijua nusu ya kwanza, ile ambayo Bibi aliisema kwa sauti akiwa kwenye keria. Nusu ya pili, njia ilikuwa inapanda mlima, na Bibi alikuwa anashuka kutembea.

Tukafika kwenye Kanuni ya Imani. Alikwenda vizuri mpaka kwenye Ponsio Pilato, akasimama.

"Huyu ni mtakatifu?"

"Hapana Babu, huyu ndiye aliyemhukumu Yesu."

"Bila kosa?"

"Bila kosa. Akanawa mikono."

"Basi mimi simtaji. Mtu wa namna hiyo mnamweka kwenye sala?"

Mtoto alijaribu kumrukisha. Babu akasema kuruka ni kudanganya. Alijaribu kumrudisha mwanzo ili apite pale kwa kasi. Babu alifika palepale akasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Mume wangu aliporudi kutoka kazini akajiunga, kisha kijana wetu mkubwa, kisha mama jirani aliyekuja kuazima kinu. Mimi nami niliacha mwiko nikaenda mlangoni kutoa langu. Tulikumbushwa na moshi. Maharage yote, kilo nzima niliyoyaloweka tangu asubuhi, yalikuwa yameshika chini yakawa meusi, na sufuria ile mpaka leo ina doa. Tulikula michembe na karanga, na Pilato hakuwa ametajwa.

Alhamisi Babu alimpelekea katekista hoja yake. Alirudi ametulia, akatuita sote. "Nimeelewa," akasema. "Wazee wetu walikuwa hawana kalenda. Ukitaka kujua mtu kazaliwa lini, unaambiwa, ni wakati wa mtemi fulani, mwaka ule wa nzige. Hawamtaji mtemi kwa kumsifu. Wanakuonyesha kwamba jambo lilitokea kweli, mahali fulani, siku fulani, na watu waliona. Pilato ndiye mtemi wa siku ile." Kisha akaisema Kanuni yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea. Nimeisali sala hiyo tangu utoto wangu, na hakuna aliyewahi kunieleza jina lile linafanya nini mle ndani.

Ibada ya kupokelewa ilifanyika Majilio, Jumapili ya kwanza. Huanzia nje. Wanaoomba kuingia husimama mlangoni, na padri huwafuata hukohuko kuwauliza wanataka nini kwa Kanisa la Mungu. Kisha wanatiwa ishara ya msalaba: kwenye paji la uso, masikio, macho, midomo, kifua, mabega. Mimi nilikuwa ndani, nimegeuza shingo kama wengine wote. Nilimwona Babu amesimama kwenye mwanga wa jua, kofia mkononi, mbele ya mlango uliofunguliwa wote. Miaka 41 alikuwa upande ule. Padri alipomgusa masikio, alifumba macho. Kisha wakaambiwa waingie, na alipofika kizingitini alivua viatu. Hakuna aliyemwambia. Wenzake 10 walimtazama, nao mmoja mmoja wakavua.

Halafu likaja jambo lililotuumiza. Baada ya mahubiri, wakatekumeni wanaagwa. Hawabaki kwa ajili ya Ekaristi. Wanatoka na katekista wao kwenda kutafakari masomo ya siku. Mume wangu alipomwona baba yake anatoka nje tena, viatu mkononi, aliinuka naye akatoka. Nilidhani amekwenda kugombana. Alimkuta Babu na wenzake kwenye benchi chini ya kivuli cha jengo la shule, wanauliza na kujibu, na Babu ndiye anayesema kuliko wote.

"Baba, wamekutoa tena," mume wangu akamwambia wakiwa njiani kurudi.

"Wamenitoa na wenzangu," Babu akajibu. "Kule nilikuwa na baiskeli."

Masika yaliyofuata Babu alishikwa na malaria. Homa ilipanda usiku, saa 8, umeme hakuna, mvua inapiga bati, na kila tuliyempigia simu mwenye gari hakupokea. Babu alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Alianza kuongea Kisukuma na watu tusiowaona, akiwasalimu mmoja mmoja kwa heshima, mwadila, mwadila. Hapo kijana wetu mkubwa alikumbuka alichofundishwa: mtu akiwa hatarini kufa, yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye padri, almradi ana nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, atumie maji halisi na maneno yenyewe. Hivyo ndivyo Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padri, alivyowabatiza wenzake wakatekumeni kule Munyonyo mwezi Mei 1886, usiku mmoja kabla ya kuhukumiwa. Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka 14 hivi. Walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni.

Mume wangu akaja na kikombe cha maji. Mikono yake ilikuwa inatikisika kuliko ya mgonjwa. Mimi nilishika tochi. Watoto walikuwa mlangoni. Aliinama, akainua kikombe juu ya paji la uso la baba yake, na Babu akafumbua macho.

"Maji ya nini hayo?"

"Ya kukubatiza, baba. Tusije tukachelewa."

"Nipe."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akayanywa yote, mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Nipelekeni hospitali. Kanisani nitaingia kwa mlango."

Kijana alimbeba mgongoni mpaka barabara ya lami, na huko tukapata bajaji. Dawa mseto ilimwinua ndani ya siku chache. Katekista alipokuja kumwona, mume wangu aliungama kisa chote, akitegemea kukemewa. Hakukemewa. Aliambiwa kwamba nia yake ilikuwa njema, na kwamba angekuwa hatarini kweli, asingekosea. Akaambiwa pia jambo ambalo lilishusha presha ya nyumba yetu yote: mkatekumeni akifariki kabla ya ubatizo, Kanisa linamzika kama mmoja wa waamini wake. Tayari ni wa nyumbani. Tangu siku hiyo hatukuhesabu tena miezi.

Mwaka wa pili ulipoanza, ikaja habari ya msimamizi. Kila anayebatizwa huwa na mtu wa kumsimamia na kumlea katika imani. Mume wangu alikwisha kununua shati. Mzee mmoja wa jumuiya naye alijiandaa, maana ni rika la Babu na wanacheza bao pamoja. Babu akawapita wote wawili. Akamchagua mjukuu wake, kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 17.

Paroko hakushangaa. Sheria inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa anayebatizwa. Mjukuu hakukatazwa popote. Aliyeumia ni mume wangu, na aliumia kimyakimya, vibaya, kwa siku kadhaa. Shati lilining'inia kwenye msumari. Mwishowe Babu alimwita.

"Wewe nilikulea mimi," akamwambia. "Nikikosea, utanyamaza kwa heshima. Huyu ni mtani wangu. Yeye ataniambia."

Ni kweli kabisa. Kwetu babu na mjukuu hutaniana tangu mtoto anaanza kusema, na yule kijana alimwambia Babu mambo ambayo hakuna mwingine chini ya dari ile angethubutu. Alimwambia kwamba bado anamchukia jirani wa kule Kwimba kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kwamba haiwezekani kusali Baba Yetu kwa moyo ule. Babu alikasirika, akala chumbani kwake siku 2. Siku ya 3 aliomba apigiwe simu Kwimba. Waliongea muda mrefu kwa Kisukuma, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu hasikii vizuri, na mimi nilitoka nikaenda kuokota mkaa uliokuwa haujamwagika.

Kwaresima ilipofika, Jumapili ya kwanza, majina ya wateule, yaani watakaobatizwa Pasaka ile, yaliandikwa kitabuni. Hilo nalo lilikuwa limeandaliwa nyumbani kwa miezi. Nyuma ya mlango wetu wa jikoni, ambao ni wa bati, Babu alikuwa akijifunza kuandika kwa kipande cha mkaa. Hakutaka kupiga dole gumba kwenye kitabu cha Mungu. Jina la ubatizo alilitafuta mwenyewe. Tulimletea Agostino, tukamletea Yosefu. Akauliza kama hakuna aliyekuwa mzee. Kitindamimba akamsimulia habari ya Simeoni wa hekaluni, aliyengoja mpaka akampakata mtoto Yesu mikononi mwake. "Huyo," Babu akasema. Herufi 7. Herufi ya S ilimsumbua kuliko zote. Kila mara ilimgeukia, ikatazama nyuma. Mlango uliandikwa, ukapanguswa, ukaandikwa, mpaka kila mtu aliyepita pale alitoka na mkaa begani. Siku yenyewe aliandika mbele ya altare polepole, watu wote wamenyamaza, na S ilikaa sawa.

Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5 za Kwaresima wateule huombewa watakaswe, na Injili zinazosomwa ni zile tatu za Yohane: mwanamke Msamaria kisimani, kipofu wa kuzaliwa, na Lazaro. Sitayaeleza yote. Nitasema tu kwamba Babu alimpenda Msamaria kwa sababu naye alikutana na Bwana nje, penye jua, akiwa na kazi yake.

Sasa nifike kwenye kanzu.

Wanaobatizwa huvikwa vazi jeupe. Tulimpeleka Babu kwa fundi cherehani, akapimwa, na fundi akatoa kitambaa kinachong'aa. Babu alikichukua ncha, akakisugua katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, akakirudisha. "Hii si pamba." Alikuwa amelima pamba zaidi ya miaka 50, kilichotokana na pamba alikijua gizani. Tulizunguka maduka 3 mpaka tukapata marikani, pamba tupu, nzito, na kanzu ikashonwa. Ilikuwa nzuri, lakini ngumu, imejaa wanga wa kiwandani, inasimama yenyewe kama turubai. Nikajisemea, nitailoweka usiku, niifue alfajiri ya Jumamosi Kuu, itakauka mapema ikiwa laini.

Alfajiri ile umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa na mabeseni mawili uani: moja la kanzu, jingine la nguo za kawaida. Nilikuwa na kitenge changu kipya cha sare, chekundu, ambacho nacho nilitaka kutoa ugumu. Nilikichukua gizani, nikakizamisha, nikaenda kuwaamsha watoto na kumwandaa Babu, maana asubuhi ile wateule walikuwa na ibada ya mwisho: kukariri Kanuni ya Imani mbele ya watu, na kufunguliwa masikio na midomo kwa neno lile la Bwana, efata. Waliondoka wote. Nikarudi uani kumekucha.

Kitenge kilikuwa juu ya kanzu.

Niliiinua. Maji yalichuruzika mekundu kama ya kuoshea nyama. Kanzu yote, kuanzia kola hadi pindo, ilikuwa na wekundu, kifuani umekolea, mikononi umefifia, na mgongoni mna ramani. Kile kitambaa cha dukani kinachong'aa kisingeshika rangi namna ile. Pamba inakunywa. Niliisugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nikakamua malimau 6 na chumvi. Nikaitia kwenye maji ya moto na dawa ya kung'arisha, macho yakaniwasha, nikaisuuza mara 4. Ramani ikatoka, wekundu ukasambaa sawasawa, na hapo ukagoma. Nikaitandaza juu ya jabali nyuma ya nyumba, kama tunavyoanika kila kitu huku Mwanza, jua likiwa limeshaanza kuchoma, na nikakaa kando yake nikalia. Nilimlilia na Bibi. Niliona nimemharibia mtu kitu alichokitembelea miezi 18, na kabla ya hapo miaka 41.

Walinikuta hapo. Mume wangu alifungua mdomo akaufunga. Kijana alishika simu kumpigia katekista. Nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu, nikasema, "Baba, nisamehe. Kanzu yako nimeiharibu mimi."

Babu alipiga hatua hadi kwenye jabali. Akainama, akakishika kitambaa kwa vidole vyake viwili vilevile, akakiinua kwenye jua.

"Mama, umewahi kulima pamba?"

"Hapana, baba."

"Ua la mpamba likifunguka asubuhi, ni jeupe. Kesho yake linageuka hivi. Rangi hii hii. Mkulima mgeni akiliona anadhani limeugua. Mimi nikiliona nafurahi, maana limeshashika. Linanyauka, linadondoka, na tunda linabaki." Akaitandaza tena, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. "Iache ikauke."

Katekista alisema kwenye simu kwamba kitabu cha ibada kinaruhusu vazi liwe jeupe au la rangi nyingine inayokubaliana na desturi ya mahali, na kwamba yeye atamweleza paroko. Akaongeza kwamba kinachobatiza ni maji. Nilishukuru. Lakini nilikuwa nimekwisha kujibiwa.

Mkesha ulianza saa 3 usiku. Moto ulikokwa nje, mshumaa wa Pasaka ukachorwa msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, ukatiwa chembe 5 za ubani, tukaufuata gizani, na mwanga ukapita kutoka mkono hadi mkono mpaka kanisa lote likawa kama shamba la vimulimuli. Masomo yalisomwa yote 7 ya Agano la Kale. Kitindamimba alilala begani kwangu kwenye la 3, akaamshwa na kengele za Utukufu, taa zikiwaka zote kwa pamoja. Ilipofika litania ya watakatifu, nilisikia wametaja Simeoni, nikajua ni katekista aliyewaambia wanakwaya.

Babu alikataa ya shetani kwa sauti kubwa. Aliungama imani, Pilato akiwa mahali pake. Akainamisha kichwa, na mjukuu wake akamwekea mkono begani. Maji yalimwagwa mara 3, yakapita kwenye mvi, yakashuka mgongoni. Kijana akaikunjua kanzu mbele ya watu wote, na katikati ya mavazi 10 meupe kama maziwa, ile moja ikatokea. Minong'ono ilipita nyuma yetu. Nilitazama sakafu. Nilipoinua macho kijana alikuwa ameshauwasha mshumaa kutoka ule wa Pasaka na kuuweka mkononi mwa Babu, na mkono ule haukutikisika. Padri akampaka krisma palepale, na baadaye, kwa mara ya kwanza maishani, Babu hakuondoka baada ya mahubiri. Alipopokea Ekaristi alisema Amina iliyosikika mpaka uani.

Tulifika nyumbani saa 8 usiku. Kijana alimpa shikamoo kama kawaida. Babu alikataa kuitikia. Alivua kofia, akainama mbele ya mtoto yule wa miaka 17, akasema, "Shikamoo ni yako, baba yangu wa ubatizo." Kijana alikimbilia chumbani. Tangu siku hiyo wanagombania nani aamkie kwanza.

Babu alikuwa amesikia darasani kwamba zamani waliobatizwa walivaa vazi lao jeupe siku 8, akataka naye iwe hivyo. Kila usiku nilikuwa naifua, peke yake, kwenye beseni jipya, na kila asubuhi aliivaa ikiwa imepungua wekundu kidogo. Siku ya 8, Jumapili, aliomba tumpeleke Kwimba.

Baiskeli ilikuwa bado ipo kwa shemeji, imetunzwa. Kijana aliipiga pampu, akampakia Babu kwenye keria, kanzu imekusanywa mapajani, na sisi wengine tukafuata kwa miguu kwenye njia ileile inayopanda mlima. Walitangulia mbali. Tulipofika kigangoni ibada ilikuwa imeanza. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mwembe. Chini yake hapakuwa na mtu. Tuliingia, nikamtafuta kwa macho, nikamwona benchi la mbele, upande wa wanaume, amesimama na mjukuu wake wanaimba, na pindo la kanzu limeshika grisi ya mnyororo.